Golf ya Njano Inatafuta Breki

22 Novemba 1992, Jumapili

Leo nusura tuingie mto Lualaba na nguo za misa. Tulikuwa tunakwenda Nzilo kutafuta samaki, mimi, mume wangu Nkongolo na binti yetu Mignonne, ndani ya ile Golf ya njano ambayo mtaa mzima unaijua kwa kelele. Zamani ilikuwa gari la kawaida, la mama mmoja Mbelgiji aliyeliendesha polepole hadi sokoni na kurudi. Nkongolo ni fundi wa magari. Alilinunua limechoka, akatoa injini yake ndogo, akatia injini ya Passat, akalishusha chini, akaliwekea magurudumu mapana. Breki hakuzigusa. Wanaume wakitengeneza gari huanza na kile kinachokimbia.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye mteremko wa bwawa kuna dimbwi. Tulilipita kwa mbwembwe, maji yakaruka mpaka kwenye vioo. Baadaye akakanyaga breki na gari likaendelea na safari yake. Akakanyaga tena. Akarudisha gia, akavuta breki ya mkono, akalipeleka kwenye majani, likaegemea kichuguu na kusimama. Kutoka pale tuliyaona maji vizuri sana.

"Maji iliingia mu tambour," alisema Nkongolo, mikono bado iko kwenye usukani. Breki za zamani zimefungiwa ndani ya bakuli la chuma. Maji yakiingia humo hayatoki upesi, na vile viatu vya ndani vinavyopaswa kushika vinateleza tu. Samaki hatukununua. Mignonne ana miaka kumi na mmoja na njia nzima ya kurudi alishikilia mpini wa mlango.

23 Novemba

Ameipandisha Golf juu ya matofali uani na kuvua magurudumu yote. Anasema hatutoki Kolwezi na gari hili mpaka lipate breki za kweli. Nikamwuliza nani alisema tunatoka Kolwezi. Akaingia chini ya gari.

30 Novemba

Kabemba, mdogo wangu wa kiume, amekuja na mfuko wa unga wa muhogo. Unga ulinifurahisha. Maneno aliyokuja nayo hayakunifurahisha.

Naandika wazi, ili Mignonne akisoma siku moja asichanganyikiwe. Mimi ni Rachelle Bilonda, mwalimu wa shule ya msingi, na kwetu ni kaskazini ya Katanga. Nkongolo ni wa asili ya Kasai. Babu yake aliletwa na treni kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapa hapa, Kasai hajaiona hata siku moja, na Kiluba cha kwao anakijua cha salamu na cha matusi tu. Huko Likasi, tangu Septemba, watu wa asili ya Kasai wanatolewa katika nyumba zao na kulala kwenye gare, yaani stesheni, wakingoja treni. Migodi imekufa, mishahara haiji, na watu wameambiwa wa kulaumiwa ni nani.

"Yaya, mi nakuambia mbele," alisema Kabemba; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Ikifika huku, shemeki ataenda kwabo. Weye na mutoto mutabakia. Nyinyi muko bantu betu."

"Mutoto iko wa nani?"

"Yaya, usinikasirikie. Si mi nilianzisha."

Sikumpa chai. Mimi nataka jambo moja tu katika haya yote. Tukikaa, tukae watatu. Tukienda, twende watatu.

6 Desemba

Mvua. Nimekanyaga pedali.

Nieleze. Breki zikifunguliwa, hewa huingia katika mabomba, na ili kuitoa lazima mmoja akanyage pedali huku mwingine yuko chini kwenye gurudumu akilegeza skurubu. Karakana imefungwa, wasaidizi wake wametawanyika, kwa hiyo msaidizi ni mimi. "Kanyaga. Shika. Achilia." Asubuhi nzima, kama vile nasomeshwa a, e, i, o, u.

13 Desemba, Jumapili

Mkutano mkubwa barazani kwangu, ajenda ni breki. Walikuwepo Nkongolo, Omer, rafiki yake anayechonga vyuma kwa mashine, na Mushiya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, muuza vitambaa, naye pia wa asili ya Kasai. Passat iliyotoa injini ya Golf ni ya Mushiya. Iligongana na lori zamani. Injini alimpa Nkongolo, na mwili wa gari uko uani kwake, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

Omer alisema njia rahisi ni kubaki na breki za bakuli, kuweka viatu vipya na kutoboa matundu ya kutolea maji. Nkongolo akakataa: gari likibeba mzigo kwenye mteremko, bakuli litachemka na kuacha kushika. Omer akasema basi ana diski mbili za Peugeot 504, kubwa kama sahani ya bukari, ugali wetu, na anaweza kuchonga vipande vya kuziunganisha. Diski iko wazi, maji yanaruka yenyewe, na koleo linaibana pande zote mbili. Nkongolo macho yakamwaka. Kisha akageuza shingo kutazama ng'ambo ya ukuta.

"Injini ya Passat inapenda fureni ya Passat," alisema. Fureni ndiyo breki, kwa sisi wa hapa. "Iko na diski, na iko na sevo." Sevo ni lile kopo la duara linalousaidia mguu.

Mushiya akaweka kikombe chini. "Injini mulishabeba. Mukibeba na fureni, itabakia nyumba ya kuku."

"Sasa iko nyumba ya kuku."

"Bon. Lakini iko nyumba yangu."

Tulicheka sana. Mama yake Mushiya, Kaku Mbelu, akauliza kutoka ng'ambo kama kuna msiba.

25 Desemba

Krismasi. Kuku mmoja wa Passat. Mvua toka alfajiri.

8 Januari 1993

Mkuu wa shule ameniita pembeni na kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba kuanzia sasa nitumie jina la baba yangu peke yake, la mume wangu niliache nyumbani. Anasema ni kwa usalama wangu. Nilimshukuru. Njiani nilikasirika kwa sababu nilimshukuru.

17 Januari

Pedali. Magoti yangu sasa yanajua breki kuliko katekisimu.

19 Januari

Barabara ya Mutshatsha, ya kwenda magharibi, imekatika tena mahali, wanasema. Malori ya makaa hayajafika.

7 Februari, Jumapili

Tumegombana.

Zile diski za 504 zimefungwa. Wiki nzima Omer alikuwa anachonga, na kila mtu aliyepita aliitwa kuja kuona, kama nyumba yenye mtoto mchanga. Leo Nkongolo akaliwasha gari likiwa juu ya matofali, gurudumu likazunguka hewani, akaniambia nikanyage. Nikakanyaga. Gurudumu likapunguza kidogo. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikijikaza kwenye kiti, likasimama likinung'unika. Akapanda yeye, akagusa pedali, likasimama papo hapo. Omer akapiga makofi.

Nkongolo hakufurahi. Aliutazama mguu wangu kwa muda, halafu akachukua ufunguo na kuanza kuzifungua diski zote.

"Zinashika, unazifungua ya nini?"

"Zinashika kwangu."

Basi nikamwambia yaliyokuwa moyoni. Kwamba familia mbili za mtaa wetu zimekwisha kuondoka kwa hiari yao, wakati treni bado ina viti. Kwamba yeye, kila wiki breki mpya, kila wiki sababu mpya. Kwamba mwanamume anayeogopa kuamua amejipatia mahali pazuri pa kujificha, chini ya gari. Omer alikuwa bado yupo, nami nilisema hivyo hivyo.

"Nipatie ile clé ya kumi na saba," alisema Nkongolo.

Nilimpa spana ya kumi na tatu makusudi.

20 Februari

Amemwomba Mushiya tena breki za Passat. Mushiya amekataa tena. Anasema mambo yakitulia atalirudishia gari injini. Wote wawili wana ndoto zinazotumia skurubu zile zile.

2 Machi

Nimekanyaga. Hatusemezani.

15 Machi

Darasani kwangu wamebaki watoto wa upande mmoja tu. Wengine wazazi hawawatoi nje. Nilifundisha kutoa, nikajuta.

24 Machi, Jumatano

Walikuja asubuhi nikichambua sombe, majani ya muhogo.

Kwanza tulisikia nyimbo upande wa soko. Halafu vijana wakajaza barabara, majani yamefungwa vichwani, wengine na mapanga, wengine mikono mitupu tu na sauti. Wawili kati yao niliwafundisha kusoma. Mmoja alinisalimia. "Bonjour Madame," alisema, akaendelea kuimba kwamba bilulu watoke, na bilulu ni wadudu.

Walianza kwa Mushiya. Hawakumpiga. Walimpa muda wa kutoa godoro, sufuria na mashine ya kushonea, na mashine wakamnyang'anya langoni. Kaku Mbelu miguu yake imevimba, hatembei mbali, kwa hiyo Mushiya na mkewe walimbeba na kiti. Alipita mbele ya lango langu ameketi vile, kitambaa kimefungwa vizuri, akaniambia, "Mama Mignonne, ule ukuta wa huku unavuja, mwambie bwana yako." Watoto wa Mushiya walikuwa wanashika nguo ya mama yao. Sikuenda kuwasaidia. Nilishika lango kwa mikono miwili.

Walipotugeukia, Kabemba alikuwa amesimama langoni kwetu. Sijui alifika saa gani. "Huku ni kwa yaya yangu," alisema. Akaokota kaa jikoni kwangu na kuandika ukutani kwa herufi kubwa: KWA KABEMBA. Wakasoma, wakapita. Nilifurahi. Mushiya alikuwa bado anaonekana mwisho wa barabara na mimi nilifurahi.

Nkongolo alikuwa chini ya Golf wakati wote. Nilikuwa naona viatu vyake tu.

Jioni Kabemba alileta godoro lake kwenye nyumba ya Mushiya. Anasema anaichunga. Tulinusa kuku akikaangwa.

26 Machi

Nkongolo hawezi kupita lango. Jina la Kabemba linalinda ukuta, halimfuati mtu barabarani. Anazunguka uani. Mvua, jua, mvua.

27 Machi

Kabemba amechungulia juu ya ukuta, mchangamfu. "Shemeki, kuja kamata fureni yako. Passat iko yangu sasa."

Nilidhani Nkongolo ataruka ukuta. Tangu Desemba anaziota. Lakini alipangusa mikono taratibu na kusema, "Haiko yako, haiko na yangu. Mushiya hajasema."

Kabemba akacheka. "Mushiya analala ku majiwe ya reli."

"Najua kwenye analala."

Nilipombana mume wangu ndani ya nyumba nilikuwa nataka kulia kwa hasira. Tunazama, naye anabisha hodi. Akanijibu kwa sauti ya chini, maana ukuta sasa una masikio: "Mama Mignonne, nikikamata bila kumuuliza, mi na bale bantu tuko tofauti gani?"  Kwa mara ya kwanza tangu Februari nilimtazama usoni.

Atakayeuliza ni mimi. Mimi ndiye ninayeweza kutembea.

28 Machi, Jumapili

Nimetoka gare sasa hivi. Sina maneno ya watu wale wote. Wamelala kati ya reli, chini ya plastiki, juu ya milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao wenyewe wakati wa kutoka, na mvua haimwonei mtu huruma. Watoto wanakohoa. Treni ikija haisemi itakuja lini, na inachukua wachache.

Nilimkuta Mushiya ameketi kwenye godoro, amenyoa ndevu. Hilo lilinigusa kuliko yote, kwamba alinyoa. Nilikuwa nimejiandaa njiani, nikasahau yote, nikasema tu kwamba Nkongolo ananituma kuuliza habari ya breki.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama Mignonne, umetoka kule yote, na hii matope, kuniomba fureni?"

"Kabemba alimwambia akamate bure. Alikatala. Anasema weye haujasema."

 Mushiya akageuka upande wa mabehewa, mabega yakawa yanatikisika, na nilijua hacheki tena. Mkewe akamshika goti. "Tangu tulifika huku," alisema baadaye, "hakuna muntu alishaniomba kintu. Banakamata tu." Akajipangusa. "Mwambie akamate. Diski, koleo, sevo, yote. Lakini mwambie na hii: mama hatapona mu wagon. Kama munaenda na barabara, mumubebe."

Kaku Mbelu alikuwa anasikiliza. "Mi si mzigo mukubwa," alisema. "Nguo tu ndiyo nene."

31 Machi

Zimefungwa. Kabemba mwenyewe alimpitishia vyuma juu ya ukuta, akipiga mluzi, maana kwake ni zawadi na anapenda kutoa zawadi. Mafuta ya breki hayapatikani mjini kwa hiyo Nkongolo aliyakamua ya Golf na ya Passat, akayachuja kwa kanga yangu nzuri. Sikuuliza kwa nini nzuri.

Gurudumu likazunguka. "Kanyaga." Niliweka mguu, sikujikaza hata kidogo, likasimama.

Akakaa chini, mgongo kwenye tofali, akafumba macho.

1 Aprili

Sasa najua.

Alingoja Mignonne atoke kuchota maji. Akasema si yeye atakayeendesha. Barabara ya magharibi ina vizuizi: kwenye kutoka mji, kabla ya Mutshatsha, mbele ya Kasaji. Kila kizuizi kinamshusha mwanamume wa asili ya Kasai na hakuna anayejua anapelekwa wapi. Mwanamke wa Katanga, na Kiswahili chake, na mtoto, na mgonjwa, anapita. Yeye atakwenda gare, atapanda treni na Mushiya. Mimi nitapeleka Golf mpaka Kasaji, nipande kaskazini kwenda Kasai. Atakayetangulia atamngoja mwenzake.

"Tangu lini unajua hii?"

"Tangu Nzilo. Nilikuangalia pale mu gari, nikajisemea, siku moja huyu ndiye atashika volant, ndiye ataendesha, na hii fureni itamuua."

Miezi yote ile. Diski za 504 alizipenda kama mwanamume anavyopenda kitu cha kujionyesha, na akazitoa kwa sababu mguu wangu haukuziweza. Nami nikamwita mwoga mbele ya Omer. Nilimpiga begani, ngumi ya kweli, kwa sababu alikaa na jambo hilo peke yake na kwa sababu nilikuwa nimelikataa kabla hajamaliza kulisema. Tulisema watatu. Hakuna aliyesema wawili barabarani na mmoja kwenye reli.

"Nilipata njia hii moja tu," alisema. "Kama uko na ingine, unipatie."

Sina.

2 Aprili

Najifunza kuendesha uani. Ua wetu ni mfupi: natia gia, Golf inajongea, na ukuta wa choo umefika. Breki. Nyuma, mpaka kwenye banda. Breki. Mignonne anacheka mpaka anajishika tumbo. Mimi ni shofere wa kusimamisha tu, kwenda sijafundishwa.

4 Aprili, Jumapili ya Matawi

Mbele, breki. Nyuma, breki. Kabemba ameuliza ukutani kuna nini. Nikamwambia Nkongolo ananipa kitu cha kufanya nisiwe kichaa. Akasema ni vizuri, baada ya shemeki kwenda nitamwendesha sokoni.

5 Aprili

Mbele, breki. Mguu sasa unakanyaga kabla sijaufikiria. Nkongolo anasema ndivyo inavyotakiwa.

6 Aprili

Amekwenda. Kabemba alimsindikiza hadi gare, wakatembea wawili, bega kwa bega, ili asiguswe. Mdogo wangu alifanya hivyo na sitasema hakufanya. Nkongolo alibeba mfuko mmoja. Mignonne alimfungia bukari kwenye jani. Mimi alinishika uso kwa mikono yake yenye grisi, akasema, "Ukifika ku barrière ya kwanza, miti haifungi njia yote, Omer aliona. Golf inapita. Pita, usisimame, bale banajua hii gari." Nilimwambia ndiyo. Mchana Kaku Mbelu aliletwa kwa mkokoteni, na Kabemba nilimwambia ni mgonjwa nitakayemtunza siku chache.

8 Aprili, Alhamisi Kuu

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Tulitoka asubuhi, Kabemba akiwa hayupo. Kaku Mbelu mbele, Mignonne nyuma kati ya mablanketi. Lango likafunguka na kwa mara ya kwanza mbele yangu hakukuwa na ukuta. Niliogopa sana. Gia ya pili sikuwahi kuitumia, iliingia na kilio, lakini iliingia, na Golf ikachukua barabara ya Mutshatsha. Kaku Mbelu akasema anaendeshwa vizuri kuliko na mwanawe. Mvua ilikuwa nyembamba. Baada ya nyumba za mwisho barabara inashuka, na gari lilianza kukimbia lenyewe, ile injini ya Passat ikijisikia, na nitasema ukweli: kwa dakika chache nilifurahi. Tulikuwa tunatoka.

Kizuizi kiko mwisho wa mteremko. Mti mmoja umelala, na pembeni nafasi, vile vile alivyosema, kipimo cha Golf. Vijana walikuwa wamejikinga mvua chini ya bati. Nililenga nafasi. Nilikuwa nimeamua. Na mtu mmoja akatoka chini ya bati akakimbilia pale pale kwenye nafasi, mikono juu, na alikuwa Kabemba.

Mimi sikukanyaga. Mguu ndio uliokanyaga. Golf ilikita pua chini, Mignonne akaja mpaka mbele, na tukasimama. Kabemba aliweka mkono juu ya boneti bila kunyoosha. Kama zingekuwa zile breki za bakuli, na ile mvua, mdogo wangu angekuwa chini ya gari, au sisi tungekuwa tumepita. Zote mbili nimezifikiria.

Wenzake wakatoka. Mti ukavutwa, nafasi ikafungwa. "Ni gari ya ule mukasai," alisema mmoja.

"Ni yaya yangu," alisema Kabemba. Uso wake ulikuwa wa majivu.

Wakazungumza wao kwa wao, bila makelele, na hukumu ikatoka: mimi ni mtu wa hapa, nirudi nyumbani na mtoto wangu, hakuna atakayenigusa. Gari linabaki. Mwanamke mzee ashuke, aende kwa watu wake.

Kaku Mbelu akafungua mlango mwenyewe. "Batoto," alisema, "mi nilifika huku bamama yenu hawajazaliwa." Akatoa mguu mmoja uliovimba kwenye matope na kuanza kutafuta mahali pa kuweka wa pili.

Kabemba aliinama dirishani kwangu. "Yaya, rudi ku nyumba. Nilimufikisha shemeki muzima. Hii ingine siiwezi, bananiangalia." Na nikaona kwamba ni kweli, walikuwa wanamwangalia, na jina lake ukutani kwangu lilikuwa lina nguvu kadiri wale wanavyopenda. Mimi nilimdhani mlinzi wa gereza langu. Kumbe naye alikuwa ndani.

Nikazima injini. Ningeweza kurudi. Nyumba ingekuwepo, unga ungekuja, shule ingefunguliwa siku moja na mimi ningekuwa Bilonda, jina la baba yangu peke yake. Nilimpa ufunguo.

"Mi naenda ku gare."

"Yaya. Kule si kwenu. Kule hata treni ikikuja, inaenda kwabo."

"Bwana yangu iko kule."

"Bantu batasema ni mi nilikutupa."

"Uwaambie ni mi nilienda."

Alisimama na ufunguo mkononi. Halafu akawafokea wenzake wampe mkokoteni, akampandisha Kaku Mbelu, akatia na mablanketi, na akausukuma mwenyewe, kilomita zote zile za matope, mimi na Mignonne nyuma.  Kwenye reli ya kwanza alisimama, hakuvuka. Alimwita Mignonne, akampa koti lake.

Nkongolo alikuwa chini ya turubai la Mushiya. Treni ilikuwa haijaja. Alipotuona alisimama, na niliona kwanza hasira, hasira kubwa ambayo sijawahi kuiona kwake, maana msimu mzima alikuwa amejenga mlango mmoja wa kututoa na sisi tumeingia kwa ule mwingine. Kaku Mbelu akamwambia mwanawe apangue sufuria, watu wanataka kukaa.

"Gari iko wapi?"

"Kwa Kabemba."

"Fureni ilikatala?"

"Ilishika," nilisema. "Ilishika muzuri sana. Kabemba aliingia mu njia, na hata nguo yake haikuguswa."

Akakaa. Alifunika uso kwa kofia, na Mignonne akajisogeza akamlalia begani. Baadaye, mvua ikiwa imezidi na sote tumebanana juu ya godoro moja, aliniuliza tena, sasa kwa sauti ya fundi: ilikuwa kasi gani, pedali ilishuka kiasi gani, na je, gari lilivuta upande.

"Hapana," nilimwambia. "Ilienda sawa kabisa."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nilimwona amepumzika. Ukweli ni kwamba ilivuta kidogo kushoto. Sitamwambia.